Kaka Amisi, avoka aliyevuliwa kitambaa mulangoni mwa kambi

Hainiingii kichwani hata sasa. Kaka Amisi, avoka wetu, wakili wa mutaa wa Kasuku, tumemuzika jana baada ya sala ya adhuhuri. Inna lillahi.

Wengi munanijua mimi wa duka la sabuni. Hamujui kama nilikuwa askari jeshi, wakati wa Zaire, hapa hapa Kindu.

Kapiteni wangu alinituma shambani kwake, upande wa Kibombo, kuvuna mupunga. Wiki ile watu wakaiba risasi kwenye depo niliyopaswa kulinda. Yeye mwenyewe akaandika: "Askari aliacha kazi." Hakuona hata haya!

Wakanipeleka korti ya kijeshi, ndani ya kambi, wakanipa luteni wa kunitetea. Mutu anayekula na kapiteni sahani moja! Dosye yangu, makaratasi ya kesi, hakuifungua.

"Kubali tu, mudogo, nitakuombea huruma."

Huruma ya nini?

Mama akakimbia kwa Kaka Amisi. Naye akaja na joho jeusi, na kile kitambaa cheupe cha avoka shingoni. Wakati ule kravati, tai ya wazungu, ilikatazwa inchi nzima, na kila mutu aliitwa sitwayeni, mwananchi. Askari wa mulangoni akamuzuia.

"Sitwayeni, toa kravati!"

"Chefu, hii si kravati, njo nguo ya kazi."

"Inafungwa shingoni? Basi njo kravati. Toa!"

Akacheka, akatoa. Ndani, mukubwa wa majaji akamutazama: "Avoka asiyevaa sawasawa hana ruhusa ya kusema."

Inje wanamuvua, ndani wanamufunga mudomo. Uchafu gani huu, Mungu wangu!

Kaka Amisi hakutoka. Alikuja kukaa pembeni yangu, kwenye benchi ya washitakiwa.

"We, ondoka pale!" yule mukubwa wa majaji akafoka.

"Kama siwezi kumusemea, nitakaa naye."

Nikapewa miaka mitano. Akaandika rufaa, wakaitupa. Akaandika ingine. Akafika mpaka Kibombo kutafuta wamama niliovuna nao, nao wakakubali kusema kama wiki ile nilikuwa shambani kwa kapiteni. Mwaka wa pili nikatoka. Kapiteni? Walimupandisha cheo.

Jana kwenye kilio, yule luteni, sasa muzee wa mvi, alishika mikro: "Mimi na marehemu tulipigania haki pamoja."

Nikatoka inje, nikatema mate. Mungu anisamehe, maana mimi bado sijamusamehe.

Kaka, unakokwenda Hakimu hatumwi na kapiteni. Leo njo zamu yangu kukusemea, na sina karatasi, niko na dua tu: Ee Mola, huyu hakuniacha peke yangu.

Ulale vizuri, kaka yangu.