Kuku Wetu wa Kupokea Wageni

Hadi leo mtu akinibishia mlango, kabla sijasema karibu, macho yangu hutafuta kuku. Kuku wenyewe sina. Naishi ghorofani, na jirani yangu wa chini hawezi kuvumilia hata kasuku. Lakini mgongo wa vidole ukigusa ubao tu, puani huniingia harufu ya pumba zilizolowa na mavi ya kuku yaliyokaushwa na jua, na miguu inaanza kuniwasha. Msinicheke bado. Ngojeni niwaeleze nilivyolelewa.

Nyumba yetu ilikuwa Badjanani, mji wa kale wa Moroni, ambako vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana, mmoja hana budi kurudi kwao. Ilikuwa nyumba ya mama, maana kwetu nyumba ni ya mwanamke na mume huja na sanduku lake. Na baba, ambaye alifanya kazi melini, alikuja na sanduku hilo mara moja moja. Nyuma palikuwa na ua wa kutosha mkeka mmoja, na hapo mama alifuga kuku. Walikuwa wachache, lakini kwa kelele walikuwa jeshi. Jogoo wetu nilimwita Waziri kwa jinsi alivyotembea ametanguliza kifua, na akiwika yeye, watu wa Itsandra, mji wa pili, walianza kutawadha.

Zilikuwa zama za mamluki. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, na niliwajua kama Wazungu wa nguo nyeusi. Walipokuja mwanzoni watu wazima walishangilia barabarani, nami nikashangilia, nikapewa na peremende. Baadaye watu wazima wale wale wakiwaona walinyamaza na kutazama viatu vyao, na hakuna aliyeniambia kwamba tumeacha kushangilia. Niliendelea kuwapungia mkono peke yangu, mpaka mama akauteremsha kwa kofi. Nikauliza kosa langu. Nikaambiwa nile muhogo.

Muda si mrefu mama akalihamisha banda la kuku, akalisukuma hadi kwenye mlango wa stoo iliyokuwa mwisho wa ua. Mlango ule ukapata kufuli.

"Ndani mna kuku mkubwa anaatamia," akaniambia. "Ukimchungulia, mayai yote yataharibika. Umesikia?"

Nilisikia. Na zaidi ya hapo nikapewa kazi. Mtu yeyote akibisha hodi, mama angepaza sauti, "Kuku!", nami nilitakiwa kukimbilia bandani, nirukeruke, nitikise fito, niwape kuku wazimu. Mpaka mgeni aage, ndipo ninyamaze. Nilidhani ndiyo heshima ya nyumba yetu. Wengine huwatilia wageni marashi, sisi tunawapigia kuku.

Kilichonishinda kuelewa kilikuwa chakula. Sisi tulikula muhogo. Kuku mkubwa alipelekewa sahani ya wali na samaki wa kuchoma, pilipili pembeni, na kikombe cha chai. Sahani ilirudi tupu, miiba imepangwa ukingoni kwa adabu. Na alikohoa yule kuku! Alikohoa kama lori linalopanda mlima Karthala. Aliatamia wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi, nami nikawa nangojea vifaranga wakubwa kama ng'ombe.

"Mama," nikauliza siku moja, muhogo umenikwama kooni, "na mimi nitaanza kuatamia lini?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akajifuta macho kwa upindo wa leso na akawa hacheki tena. Hilo nalo likanichanganya.

Nyinyi mmeshang'amua, watu wazima nyie. Ndani ya stoo alikuwamo mjomba wangu, mdogo wake mama, karani wa bandarini Mutsamudu, kisiwa cha pili, aliyesema mbele za watu kwamba nchi yenye wenyewe hailindwi kwa bunduki za kukodi. Wazungu wa nguo nyeusi wakawa wanamtafuta. Na mjomba alikuwa na kifua kibovu tangu utotoni. Kufuli haliwezi kuficha kikohozi, kuku wanaweza. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba mjomba amepotea na kwamba kuku anakohoa, na sikuona uhusiano wowote.

Alasiri moja walikuja wenyewe, Mzungu mmoja na askari mmoja wa kwetu wa kumtafsiria. "Kuku!" akapaza mama. Nawaambia, siku ile nilijipita. Manyoya yalinyesha kama mvua ya masika, Waziri akaruka hadi juu ya paa, kuku mmoja akataga akiwa hewani. Mzungu akaziba masikio, akasema neno.

"Anauliza mtoto huyu ana wazimu?" akasema askari.

"Mwambie ndivyo walivyo ukoo wa baba yake," akajibu mama.

Wakachukua mayai, wakaondoka. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, na usiku ule nikala wali. Nikajua kweli nimepokea wageni vizuri.

Lakini huko Mutsamudu, Koko, yaani mama yake mama, alikuwa anakwisha. Tangu mwanawe apotee alikuwa halali, hali, akiitwa haitiki. Waliomtafuta mjomba walikwenda kumwuliza naye akawaapia kwamba hajui, na kweli alikuwa hajui. Mama hakuthubutu kumwambia. Barua zilifunguliwa na midomo ilikuwa na bei. Na mwenyewe hakuweza kuondoka, kwani nani angemlisha kuku mkubwa? Basi ikafika siku shangazi yangu, dada yake baba, akawa anavuka kwenda kuuza vitambaa, mama akanifungia kifurushi. "Nenda ukamchangamshe Koko," akasema. Neno jingine hakunipa.

Mutsamudu ilinipoteza tangu hatua ya kwanza, maana vichochoro vyake vinapanda ngazi, vinapita chini ya nyumba za watu, kisha vinakurudisha ulikotoka. Koko alikuwa amelala chumba cha chini, amejifunika shiromani, ile nguo nyekundu ya wanawake wa kule, na amebaki mdogo kama mtoto. Juu ya kasha palikuwa na kofia ambayo Koko alikuwa akimtarizia mjomba, sindano bado imechomwa ilipoachwa. Uani, chini ya ngazi, palikuwa na kuku wake.

Kesho yake jirani mmoja akaleta ndimu. "Hodi!"

Hakuna aliyesema "Kuku!", lakini mimi nikaona aibu. Nyumba ya Koko ipokee mgeni kimya kimya, kama nyumba ya watu wasio na adabu? Nikajitupa chini ya ngazi. Nikarukaruka, nikatikisa tenga, kuku wakapiga mayowe, jirani akamwaga ndimu zote.

"Yarabi! Kapagawa!" Shangazi akanishika sikio. "Mwiteni fundi wa Kurani amsomee!"

"Mwache," ikatoka sauti chumbani. Ndiyo mara ya kwanza Koko kusema tangu tufike. "Wewe nenda kamwokotee mwenzio ndimu zake. Mtoto, njoo."

Nikaenda. Alinishika mkono kwa vidole vikavu.

"Nani kakufundisha haya?"

"Mama. Ni ya wageni. Wakibisha tu, tunawapigia kuku."

"Kuku wenu wako wapi?"

"Mlangoni pa stoo. Ndani mna mkubwa anaatamia. Haruhusiwi kuonwa."

Koko akajiinua kwa kiwiko. "Anakula nini, huyo mkubwa?"

"Wali na samaki!" nikasema kwa uchungu wote niliokuwa nao moyoni. "Na chai!"

"Na anakohoa?"

Nilistaajabu. Alijuaje? Nikamwambia anakohoa sana, hasa asubuhi. Koko akajifunika uso kwa shiromani, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani nimemuua. Nilipofunua kidogo nikakuta analia na anacheka kwa pamoja, kazi ambayo sikujua inawezekana.

"Shangazi yako akirudi," akanong'ona, "mwambie Koko anataka wali. Na samaki."

Siku zote tulizokaa kule alikula, na alishona. Tulipoondoka, ile kofia ilikuwa imekwisha. Aliifunga kitambaani akanifichia ndani ya gauni, kifuani. "Ya kuku mkubwa. Usimwonyeshe mtu, hata shangazi. Na mwambie mama yako ampunguzie chai."

Kofia ya kuku! Njia nzima nilijikuna na kuwaza. Nilipofika nyumbani mama alikuwa jikoni na stoo imefungwa, nami sikuwa na subira. Nikaona Waziri kwa cheo chake anafaa kuijaribu. Nikamvika. Akapotea mzima ndani ya kofia, akaenda kujigonga ukutani.

Mama alitoka akicheka. Halafu akaziona nyuzi. Aliziinua karibu na uso, kama mtu anayenusa.

"Imetoka wapi?"

"Koko kasema ya kuku mkubwa. Na umpunguzie chai."

Mama akaketi kizingitini. "Koko anakula?"

"Anakula wali mpaka ukoko."

Akainuka, akalisogeza banda, akafungua kufuli mbele ya macho yangu, mchana kweupe, akaingia na kofia na kuurudisha mlango. Nikasimama nikisubiri mayai yapasuke. Badala yake, kutoka ndani, nikasikia sauti ya mama imekatika:

"Kuku!"

Nikatazama mlango wa mbele. Hapakuwa na mtu.

"Nani kaja, mama?"

"Kuku, mwanangu! Kuku!"

Nikajitupa bandani. Nilirukaruka mpaka kisigino kikachubuka, huku nikigeuka geuka kumtafuta huyo mgeni. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemleta mwenyewe, kifuani, kutoka Mutsamudu, na kwamba mwanamume akimlilia mama yake hutoa sauti kubwa kuliko kikohozi chochote. Sikuelewa, lakini kazi niliifanya. Badjanani nzima siku ile ilisikia kuku tu.