Feni ya Bafu la Mama

Mvua ya kwetu Sotik haina adabu. Chakula cha mchana kikishaliwa tu, mawingu hujikusanya juu ya mashamba ya chai, ngurumo inaanza, na mama yangu anainuka kwenda kuzima umeme wa nyumba nzima. Anaanza na televisheni, anafuata friji, anamalizia na swichi kubwa iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Radi iliwahi kumuulia ng'ombe wa maziwa malishoni, na tangu siku hiyo hakuna wa kumwambia kitu.

Bafu tulimjengea ndani ya nyumba kwa sababu ya kifua chake. Hatukutaka atoke nje kwenye baridi na mwili wenye maji. Lakini dirisha hafungui, baridi isije ikamuua, kwa hiyo mvuke wa maji ya moto ukakosa pa kwenda na kuta zikaota ukungu mweusi mpaka darini. Daktari alipomsikiliza kifua, aliuliza habari za nyumba kabla ya kuuliza habari za dawa. Ukungu huo, alisema, ndio unaomkaba.

Ndugu yangu anayeishi Ujerumani akaja na feni ya kupachikwa kwenye tundu la ukuta. Ndani yake mna tofali la kauri. Feni inatoa nje hewa yenye mvuke, joto la hewa hiyo linabaki kwenye tofali. Baada ya muda mfupi inageuka, inavuta hewa safi kutoka nje na kuipasha kwa joto lile lile. Tulimweleza Mama hivyo, tukijiona wajanja. Alisimama chini yake na taulo begani, akangoja mpaka ilipogeuka.

"Si mnaona? Inarudisha baridi."

"Inarudisha hewa ikiwa imepashwa joto, Mama."

"Upepo ni upepo. Na ngurumo ikianza nitazima hiyo kitu kama zile zingine."

Akaizima kweli. Ilipaswa kufanya kazi mchana na usiku, lakini kila alasiri, saa ile unyevu unapoingia mpaka kwenye magodoro, ilikuwa kimya. Mvua ikiisha, Mama alisahau kuiwasha, ama alijisahaulisha. Nilibembeleza, nikanuna, nikamleta pasta azungumze naye. Pasta alikunywa chai, akamwombea kifua, akaenda zake. Nilipanda kwenye stuli nikasugua ukungu kwa klorini, nao ukarudi. Nilikuwa na hasira naye, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, kwa sababu upande wa pili wa ukuta nilisikia kifua kikimlia filimbi.

Mwaka huu kifua kimemlaza. Tunamwosha kitandani kwa beseni na kitambaa. Swichi haifikii tena, na feni imefanya kazi siku nyingi mfululizo bila mtu kuigusa. Jana niliingia bafuni nikapitisha kiganja ukutani. Ulikuwa mkavu. Hakuna tena anayeoga mle. Sisi wengine tunatumia lile la nje.

Nikiwa bado nimesimama pale, ngurumo ikaanza upande wa Ndanai. Mama akaniita, sauti ikimkatika.

"Umezima?"

Nilienda nyuma ya mlango wa jikoni nikazima yote, na feni pia.

"Nimezima, Mama."

Akafumba macho, akatulia.