Ramani ya Darien Nyumbani kwa Zedekia

Zedekia alikuwa fundi seremala pale Bwera, karibu na barabara inayoteremka kwenda Mpondwe, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Alitengeneza vitanda, milango, na majeneza watu walipofiwa, lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa fremu za picha. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Padre Anselmo, Mwitaliano aliyekaa Kasese mpaka nywele zikamwisha kichwani.

Padre alikuwa na ramani za zamani alizoachiwa na baba yake, zote za Amerika. Zilichapwa Venezia zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Fundi wa huko alichonga kila mto na kila jina kwenye bamba la shaba, akalipaka wino, kisha karatasi ikakandamizwa juu yake. Mchwa walipozila fremu zake, padre alimwita Zedekia, naye akashinda pale siku kadhaa akizivisha mbao mpya.

“Gusa hapa pembeni,” padre alimwambia.

Zedekia alipitisha kidole, akahisi bonde dogo kwenye karatasi.

“Hapo ndipo bamba lilipobana. Ukiona ramani haina alama hiyo, jua umeuziwa uongo.”

Padre alipougua na kuitwa kwao Italia, alimwachia Zedekia karatasi moja. Ilionyesha ile shingo nyembamba ya nchi inayounganisha Amerika mbili. Upande mmoja wa bahari paliandikwa Mare del Sud, yaani Bahari ya Kusini, upande wa pili Golfo di Darien, Ghuba ya Darien, na katikati kulikuwa na milima iliyochorwa kama vichuguu, imepakwa rangi ya kijani iliyofifia. Zedekia aliitundika sebuleni, kando ya kalenda ya parokia. Wageni waliuliza kama ni Kongo.

Mwanawe Nobert alikulia chini ya ramani hiyo, lakini hakuijali sana. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi mpakani, akiwashughulikia wenye malori karatasi za forodha. Alioa msichana wa Bugoye aitwaye Alliance, wakapata mtoto wa kike. Kisha korona ikaja na mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Alikaa nyumbani, akawa anamsaidia baba yake kupiga randa, na kila mtu aliona kwamba mikono yake ilikuwa pale na yeye hayupo.

Rafiki yake mmoja aliyetangulia Brazili alimwambia kuna njia ya kupanda kwa miguu mpaka Marekani. Zedekia aliuza shamba lake la kahawa la Maliba.

“Kwa nini unamnunulia mtoto safari ya namna hiyo?” mkewe Ketura alimuuliza.

“Ana miaka thelathini, mama. Nimfunge kamba?”

Siku ya kuondoka Ketura alimfungia Nobert karanga za kukaanga, akamvalisha sweta kwa mikono yake kama anayempeleka shule.

Nobert alipiga simu kutoka Brazili, kisha kutoka Peru, kisha kutoka Ekwado. Sehemu hizo hazikuwemo kwenye karatasi ya padre, na Zedekia alikuwa akisikiliza bila kujua aangalie wapi. Siku aliyosikia kwamba mwanawe yuko Kolombia anaelekea pwani, aliita kwa sauti mpaka majirani wakasikia.

“Ketura! Njoo uone. Ameingia kwenye ramani yetu!”

Tangu siku hiyo, kila simu ilipokuja, familia yote ilisimama mbele ya ukuta. Alliance alimbeba mtoto, Zedekia aliweka kidole mahali. Majina mengine yalikuwa yamebadilika, miji mingine haikuwepo zamani hizo, na mto mmoja mkubwa uliochorwa pale, Nobert alisema hajauona wala hajausikia. Walicheka. Lakini ghuba ilikuwa palepale.

“Baba, nimefika kwenye maji,” Nobert alisema jioni moja. “Kesho tunavuka kwa boti, halafu ni msitu. Watu wanauogopa. Wengine wamerudi.”

Zedekia alichukua bikari yake ya useremala, akapima kwenye mstari wa maili za Kiitaliano uliochorwa chini ya ramani, akaihamishia kwenye ile shingo ya nchi.

“Mwanangu, ni karibu. Ni kama kutoka hapa Bwera mpaka Fort Portal. Vumilia tu.”

“Basi nitavumilia,” Nobert alisema. Akaomba azungumze na mtoto, mtoto akaona haya, akajificha shingoni mwa mama yake. Simu ikakatika.

Hawakumsikia tena.

Wiki zilipita. Alliance alikuwa akimpigia asubuhi na jioni, mpaka ikawa kama sala. Halafu mchana mmoja Zedekia akiwa karakanani, simu yake iliita kwa namba ndefu asiyoijua. Alikuwa mwanamke, Kiswahili chake cha Kongo.

“Papa, ni mimi Feresita, wa Butembo. Niko Panama, mu kambi. Nilikuwa pamoja na Nobert mu pori, ni yeye alinipatia namba yako.”

“Yuko wapi?”

“Papa, kaa chini kwanza.”

Zedekia alikaa juu ya mbao.

“Mvua ilinyesha sana kule juu,” Feresita alisema. “Mto ilijaa mara moja. Nobert alikuwa amenibebea mutoto wangu, akamuvusha, akamuweka ng’ambo. Akarudi kunishika mukono. Maji ikamubeba. Tulimuita, tulimuita. Bale batu ya kutuonyesha njia bakasema twende, hatuwezi lala hapo. Unisamehe, papa. Mutoto wangu iko muzima.”

“Jina lake?”

“Grâce.”

“Asante kunipigia,” Zedekia alisema. Alibaki ameshika simu mpaka Ketura alipokuja kumwita chakula, akamwona uso wake, akaanguka chini pale mlangoni kabla hajaambiwa neno.

Usiku na mchana nyumba ilijaa watu, kisha watu wakapungua. Zedekia akawa anasimama mbele ya ramani. Mwishowe alimwambia mkewe, “Nilimwambia ni karibu.”

Ketura alikuwa anachambua maharage. “Ungemwambia ni mbali, angerudi?”

“Sijui.”

“Hata mimi sijui. Kaa basi unisaidie.”

Kaka mkubwa wa Zedekia, Kathembo, ndiye aliyesema kwamba mtu hawezi kuachwa hivihivi bila kaburi. Zedekia akachonga jeneza kwa kimo cha Nobert, kazi aliyokataa kusaidiwa. Watu wa ukoo walikusanyika, na katekista akaja, lakini likabaki swali la kitu cha kuweka ndani. Wengine walitaja nguo zake. Ketura aliingia sebuleni, akatoka na ramani mikononi.

“Hatujui alipo,” alisema. “Hii ndiyo inayojua.”

Kathembo alimtazama katekista. Katekista akaitikia kwa kichwa. Zedekia akang’oa misumari ya fremu mmoja mmoja, akaitoa karatasi, akailaza jenezani bila kuikunja, na sweta za Nobert akaziweka juu yake ili isipeperuke. Watu wachache waliguna kwamba kitu cha thamani kinatupwa udongoni. Ketura aliwasikia na hakugeuka.

Alliance alikaa nao mwaka mzima. Alipika, alilima, alikwenda nao kanisani. Kisha asubuhi moja alipiga magoti mbele ya baba mkwe.

“Baba, naomba ruhusa nirudi Bugoye. Sina ugomvi na mtu. Mama yangu anazeeka, na mimi hapa kila kona namwona Nobert.”

“Ulipaswa kuniomba mapema,” Zedekia alisema. “Usingechoka hivi.”

Hakutaka aende peke yake kama aliyefukuzwa. Alimtafutia gari, akapakia kitanda alichokuwa amewatengenezea walipooana, akapanda nao. Bugoye walipokewa vizuri, wakaandaliwa chakula. Mazungumzo yalikuwa ya mvua na kahawa. Mjukuu alimpanda magotini, akashika kola ya shati lake, akalala hapohapo.

Dereva alipiga honi, anataka kuvuka Kasese kabla ya giza. Alliance alisogea amchukue mtoto.

“Ngoja kidogo,” Zedekia alisema.

Honi ilipigwa tena. Akaanza kukifungua kile kiganja cha mtoto kilichoshika kola, kidole baada ya kidole, taratibu, asimwamshe.