Mrombo anayeyawahi maji kabla hayajaganda Minnesota

Gasto Lyaruu amelala chali chini ya sinki ya mashua, mkono mmoja umezama nyuma ya hita ya maji. Anapapasa kizibo cha kutolea maji. Nje, ukingoni mwa Ziwa Minnetonka, upepo wa Oktoba unavuma, na redio imetangaza kuwa usiku huu maji yataganda.

"Hiki kizibo hukaa mahali jicho halifiki," anasema. "Vidole ndivyo vinavyoona, na vyenyewe vimeanza kufa ganzi."

Ni mwaka 1997, msimu wake wa tano katika yadi hii ya kutunzia mashua. Alitoka Rombo kuja kusoma; ada ikamshinda, akashika spana. Kila vuli, kabla ya baridi kali, kazi ni ileile: kuzima hita na kuiacha ipoe, kumwaga maji yote, kisha kusukuma mabombani dawa isiyoganda, ya rangi ya waridi, mpaka kila koki iteme waridi.

"Ukiacha maji kidogo tu kwenye kiungio, barafu inakipasua. Mwenye mashua anakuja kugundua baridi ikiisha, sakafu imejaa maji."

Nyumbani kwao, mjini Hopkins, mkewe Bernadetha, anayehudumia wazee, anaijua kazi ya mumewe kwa namna yake. "Baba Dinah anarudi mikono kama mawe," anasema. "Naipasha moto kwanza, ndipo tunaongea."

Jumatatu iliyopita Gasto alikuta mjane ameketi ndani ya mashua aliyotumwa kuiandaa. Anaitwa Margaret. Mumewe, Francis, alifariki Agosti, siku chache baada ya kujaza tangi la maji ili waende ziwani.

"Naomba usiyamwage," alimwambia Gasto. "Aliyajaza mwenyewe."

Meneja alikuwa anaita, mashua nyingine zinangoja.

"Mama, nikiyaacha yatapasua tangi na hita," Gasto alimjibu. "Utapoteza na mashua yake."

Margaret akainama. Gasto, aliyechoka tangu asubuhi, akajikuta ameketi kwenye ngazi, spana mapajani. Mwishowe akauliza, "Hili jiko linawaka?"

Likawaka. Wakayachemsha maji yale, wakanywa chai, maneno machache. Kisha Margaret akasuuza vikombe, akazifungua koki moja baada ya nyingine kwa mkono wake, akasimama kuyasikiliza maji yakishuka.

"Basi," akasema. "Endelea."

Meneja alimgombeza Gasto kwa kuchelewa. "Nikaokota spana," anasema, "nikaenda kwenye mashua iliyofuata."

Anavuta pumzi kabla ya kusema linalomkaa moyoni. Baba yake alizikwa Rombo mwaka juzi, naye hakwenda. Viza ilikuwa imekwisha, angetoka, asingerudi. "Saa wanamshusha kaburini, mimi nilikuwa ndani ya mashua ya mtu, namwaga maji. Sikumwambia yeyote pale kazini."

Kizibo kinalegea. Maji yanatiririka, na Gasto anajiburuta kutoka chini ya sinki, ananyoosha mgongo polepole kama mzee.

Karatasi zake za ukaazi zimekubaliwa mwezi huu. Desemba, ziwa likishakuwa barafu na yadi imefungwa, atasafiri kwenda Rombo na Bernadetha na binti yao Dinah.

"Ndugu watataka nizunguke nyumba kwa nyumba, na nitazunguka," anasema. "Lakini siku ya kwanza waniache migombani, pembeni ya kaburi la baba. Nikae tu. Sina spana, sina wa kuniita."