Rangi ya Gauni la Happyness

Mdogo wangu Danieli alifariki Kwaresima iliyopita, mchana, akiwa amekaa kitandani na kikombe cha uji mkononi. Moyo ulimsumbua tangu utoto, na madaktari walishatuambia tusitegemee miaka mingi. Waliokuja kutupa pole walimsifia kazi zake za harusi na kipaimara. Nawashukuru. Lakini kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote hakuna aliyeitaja, kwa sababu haipo tena juu ya ardhi. Nimeona niieleze, maana hata ndugu zetu wengine bado wanasema alikuwa mpiga picha tu.

Kwetu ni Lumuma, milimani. Baba alikuwa mwinjilisti, na alitamani Danieli awe mwalimu. Matokeo ya kidato cha nne yakakataa. Akaenda Mikumi kupiga picha za pasipoti kwenye kibanda kando ya barabara kuu. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu anafungua duka, na vitu vilivyotumika vinaingia nchini kwa makontena. Watu walivaa mitumba, wakaendesha mitumba, na kompyuta ya kwanza ya Danieli nayo ilikuwa mtumba.

Mwenyewe wa zamani hakuifuta. Ndani yake Danieli alikuta kurasa za albamu za familia asiyoijua, watu wa nchi ya baridi: watoto kwenye theluji, bibi mwenye keki, mbwa. Kila ukurasa ulitengenezwa kwenye kompyuta, lakini ulionekana kama umebandikwa kwa gundi. Kulikuwa na vipande vya karatasi ya rangi, kitambaa, utepe, tiketi ya basi, jani kavu. Programu iliyozitengeneza ilikuwa bado imo. Danieli alizifungua kurasa zile tabaka moja baada ya jingine, akaangalia nini kiliwekwa chini na nini juu, na kwa nini jicho linakwenda kwa bibi kabla ya keki. Hakuwa na mwalimu mwingine.

"Dada," aliniambia, "hawa watu hawaweki rangi hovyo. Wanazipanga kiukoo."

Baadaye alichapisha duara la rangi akalibandika ukutani. Rangi zinazokaa bega kwa bega kwenye duara, kama njano, chungwa na kahawia, aliziita majirani. Alisema zinatuliza macho. Zinazokaa upande huu na ule, kama nyekundu na kijani, aliziita watani, kwa sababu kila moja inamchokoza mwenzake mpaka zote zinang'aa. Njia ya tatu ilikuwa kuchukua rangi moja tu na kuishusha kidogo kidogo, kutoka nzito mpaka hafifu. Hiyo hakuipa jina, na hakuitumia sana. Alisema wateja wataona amewapunja.

Alipohamia Kilosa mjini akafungua chumba nyuma ya soko, nami nikaenda kumsaidia kutia picha kwenye nailoni na kuuza vocha. Kila bibi harusi alikuja na kipande cha kitambaa cha sare, Danieli akakilaza kwenye skana, na rangi za albamu nzima zikatoka kwenye kipande kile.

"Weka zote, Danieli," alimwambia mmoja. "Nisije nikaonekana nimeolewa kinyonge."

"Ukiweka zote, dada yangu, watu wataona zulia. Wewe hawatakuona."

"Basi niweke mimi, na mume wangu mfanye zulia."

Tulicheka sana siku hiyo. Ulikuwa mwaka kabla ya mafuriko.

Mto Mkondoa ulipoingia mjini ulichukua nyumba, mifugo na reli. Watu walipohamia kwenye mahema, kitu walichomletea Danieli kwanza kilikuwa picha. Walizileta kwenye nyungo na mifuko ya Rambo, zimegandana kama mikate. Danieli alizilaza kwenye maji safi, akazibandua kwa ukucha, akazianika juu ya chandarua. Nyingi zilikuwa zimeingiwa na matope, madoa ya njano na kahawia yasiyotoka. Hakuhangaika kuyafuta. Alichukua rangi ya doa lenyewe, akatafuta majirani zake, ugoro, kaki, majani makavu, akatengeneza ukurasa wote kwa rangi hizo. Doa likapata ndugu. Ukitazama, ulidhani picha ilizaliwa hivyo. Watu walimbariki. Mimi mwenyewe niliona ni Mungu aliyempa ujuzi ule kwa ajili ya msimu ule.

Ndipo akaja Katarina na mumewe Theodory. Nao asili yao Lumuma, ingawa waliishi karibu na mto. Mtoto wao, Happyness, alichukuliwa na maji, na mwili haukuonekana. Watu walitafuta mpaka bondeni huko, wakakata tamaa. Wazee wa ukoo walikubaliana kuchimba kaburi dogo Lumuma, kwenye makaburi ya familia, mbali na mto, na ndani ya sanduku iwekwe picha ya mtoto. Kasisi alikubali kuja kuomba. Lakini picha ilikuwa moja tu, ya Krismasi, na maji yalikuwa yamelifanya gauni lote kuwa uji wa rangi. Uso ulinusurika, ila doa la njano lilipita shavuni.

"Mtengeneze," Theodory alisema. "Tumzike, mama yake apumzike."

Tangu siku ya maji Katarina alikuwa haongei ila kwa kulazimishwa, na jina la mtoto hakulitamka kabisa.

Danieli alifanya kama alivyowafanyia wengine. Alisafisha uso, akaliacha doa kidogo, akauzungushia ukurasa rangi za udongo na majani makavu. Nilipouona uliniliza kwa uzuri. Alipoufungua mbele ya Katarina, yule mama alisogeza kiti nyuma.

"Umemrudisha kwenye matope," alisema.

Theodory akaona aibu. "Mama Happy, kijana amefanya kazi nzuri."

"Nzuri uiweke wewe chumbani kwako. Mimi siwezi kumzika mwanangu ndani ya tope. Ndimo alimo!"

Danieli aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Niambie gauni lilikuwa rangi gani, nianze upya."

"Damu ya mzee."

"Damu ya mzee. Nimeelewa."

Wote wawili walielewa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Hapo ndipo kosa lilipoingia.

Danieli alilipaka gauni upya kwa kipanya, punje kwa punje, akilala chini mara kwa mara moyo ulipomwenda mbio. Damu ya mzee kwake ilikuwa ile ya sweta za shule yetu, nyekundu iliyoiva. Akaitafutia mtani wake, kijani cha majani mabichi, akakiweka pembeni kote. Maji hayakuonekana popote, wala udongo. Mtoto aliruka kutoka kwenye ukurasa kama anaitwa.

Katarina alitazama muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Happyness, mama."

"Huyu ni mtoto wa kalenda. Gauni gani hilo?"

"Si damu ya mzee, mama? Kama ulivyosema."

"Hiyo ni damu ya kijana!"

Theodory alijifunika uso. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye pia hakujua. Kumbe kwa Katarina, kama kwa bibi zetu huko milimani, damu ya mzee ni ile iliyokaukia kwenye nguo, karibu na nyeusi, yenye ukahawia kwa mbali. Watu wa mji mmoja, neno moja, na kila mmoja ana rangi yake kichwani. Danieli alimwonyesha vivuli vingi vya wekundu kwenye kioo cha kompyuta. Kila alipouliza, Katarina alitikisa kichwa. Mwisho akasimama.

"Mwambie kasisi asije," alimwambia mumewe. "Siwezi kuzika mtoto wa watu kaburini kwa mwanangu."

Wakaondoka. Danieli alikaa pale na kompyuta imewashwa. Nilimwambia ameshafanya inavyotosha, na kwamba mama yule alikuwa anagombana na msiba, si na rangi.

"Hapana, dada. Anajua anachokisema. Mimi ndiye sijui."

Alimpigia Theodory simu kumuuliza nani alilishona gauni. Akaambiwa ni Mwanvua, fundi cherehani aliyekuwa na baraza karibu na stesheni, ambaye baada ya mafuriko alihamia kwa dada yake Ulaya, si ng'ambo, ni kijiji cha huku huku Kilosa. Njia ya Ulaya ilikuwa imeharibika. Nilimkataza kwa sababu ya moyo wake. Akapanda nyuma ya pikipiki, nami nikapanda nyuma yake, kwa sababu nilijua nisipokwenda nitakaa nyumbani nikiomba hadi nipungukiwe na maneno.

Mwanvua tulimkuta barazani kwa dada yake na cherehani ambayo aliiokoa kwa kuibeba kichwani.

"Shikamoo mama," Danieli alimsalimu, akihema.

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema, umeisukuma hiyo pikipiki?"

Alipomweleza alichofuata, Mwanvua aliacha kutabasamu. Alikumbuka gauni lile, kola nyeupe na vifungo nyuma. Kitambaa kililetwa na Katarina mwenyewe, kikabaki kipande.

"Vipande vya wateja huwa sirudishi, mtanisamehe," alisema. "Mimi mwizi wa viraka." Akavuta kifuniko cha cherehani, kilichoshonwa kwa mabaki ya nguo za watu, akakigeuza chini juu, akaweka kidole. "Hiki hapa. Hakikunywa maji, nilikifunga kwenye nailoni."

Kilikuwa kiraka kidogo, cheusi kwa mbali na chenye wekundu ndani yake ukikielekeza kwenye jua, kama punje ya kahawa iliyoiva kupita kiasi. Mwanvua alikifumua kwa wembe, uzi kwa uzi. Danieli alipotaka kumshukuru, alimkatiza.

"Mwambie mama Happy nimeswali kwa ajili ya mtoto. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini, lakini nilimpima yule mtoto kiuno mwenyewe, akicheka kwa kutekenywa. Nenda."

Danieli hakulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi alikuwa kazini. Alikilaza kiraka kwenye skana. Programu ina kalamu ndogo inayonyonya rangi: ukiigusisha mahali, inaichukua rangi ya mahali pale kama ilivyo. Akainyonya, akalipaka gauni. Kisha akakaa bila kufanya kitu.

"Sasa pembeni unaweka nini?" nilimuuliza. "Majirani au watani?"

"Majirani ni tope. Watani ni kelele." Aliangalia duara ukutani, akaliacha. "Hana mtu mwingine mle ndani, dada. Nitamwachia rangi yake mwenyewe."

Alichukua rangi ile moja, akaipunguza. Karibu na gauni aliiacha nzito. Kadiri ilivyoelekea pembeni iliendelea kupungua, ikafika kama ufizi wa mtoto, kisha kama ndani ya kiganja, na kwenye ukingo kabisa ilikuwa karibu nyeupe, nyeupe ya kola yake. Hakuweka utepe, wala ua, wala maandishi ila jina. Doa la shavuni alilifuta lote. Ukurasa haukupiga kelele wala kubembeleza. Mtoto alisimama mle, mnene wa mashavu, amekunja midomo kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke.

Katarina alipoletwa na mumewe hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha Danieli, akainama mpaka uso wake ukakaribia kioo, akanyoosha mkono akagusa kifungo kimoja cha gauni.

"Kola hii niliipiga pasi mwenyewe," alisema.

Akauondoa mkono kwenye kioo.

"Mchapishe. Na humo kwenye mashine, mtoe."

Danieli aligeuka. "Mama, nikiufuta hautapatikana tena. Nikutunzie nakala moja. Siku ukitaka kumwona..."

"Mwanangu, una moyo mzuri. Lakini yeye alikuwa mmoja. Nikijua yuko wa pili huku mjini, nitakuja kila siku kumwangalia, kule kaburini nitaona nimefukia karatasi."

Danieli alinitazama, kama mtu anayetaka mkubwa wake aseme neno. Alichapisha, akampa Theodory aushike ukurasa kwa kingo zake, kisha mbele yao akafuta faili, akaenda kwenye kapu la takataka la kompyuta, akafuta na huko. Picha ya Krismasi yenyewe, ile iliyoharibika, Katarina aliichukua, akaiweka pamoja na ukurasa.

Tulikwenda Lumuma kwenye maziko. Kaburi lilikuwa dogo, udongo mkavu, na mvua ilisubiri hadi tulipomaliza. Kasisi aliomba. Sanduku lilipofunguliwa kwa mara ya mwisho waliokuwa karibu waliona ukurasa ule, na wanawake wakaanza kulia kwa sauti, kwa sababu hapo ndipo walipoamini kwamba mtoto amekuja. Katarina alishika udongo mkononi. Akaita, "Happyness." Akaita tena kwa sauti ya mama anayemwamsha mtoto kwenda shule. Halafu akaachia udongo.

Danieli alisimama nyuma ya watu, kofia mkononi, rangi ya midomo yake ikiwa mbaya. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama hajutii kufuta kazi ile.

"Najuta," alisema. "Ilikuwa nzuri, dada. Sijui kama nitaweza nyingine."

Hakuweza. Alirudi kwenye harusi zake, akafanya kurasa nyingi, nazo zinapendeza. Zimo kwenye makabati ya watu kuanzia Kilosa hadi Mikumi. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la milele. Ile moja nimeieleza kadiri ninavyoikumbuka, na kila mwaka unavyopita rangi yake inanipotea kidogo.