Tuhfa na Ndoto ya Shangazi

Nyumba ya Abdulwakil na yangu zinatengwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba, kwa hiyo mtu asiniite mmbea. Ukuta huo sikuujenga mimi.

Tuhfa, mdogo wake Abdulwakil, alirudi hapa Pangani baada ya kuachwa na mumewe wa Maramba. Hakurudi na mtoto wala kesi, alirudi na begi. Kaka yake ni mnunuzi wa nazi, na chumba pekee kilichokuwa na nafasi ni kile cha kuwekea nazi, basi akatandikiwa humo. Nazi zikija nyingi, kitanda kinasogezwa ukutani, zikiuzwa, kinarudishwa. Mlango haufungwi, maana wachukuzi huingia muda wowote. Mchana alishona mikeka uani, na kila kitu katika nyumba ile, kuanzia chumvi mpaka redio, kilikuwa cha wifi yake, Mize. Mize si mtu mbaya, nisimsingizie. Ila alikuwa na tabia ya kumwambia "karibu" mtu aliyeishi pale miaka.

Ndipo ikaja posa ya Fadhil. Ni Mpemba, mgane, ana duka la nyavu na kamba Tanga mjini. Alikuja na mshenga wake, Mzee Abass, wakaleta halua. Akazungumza kwa upole, akala kidogo, akashukuru. Abdulwakil akaulizia sokoni, akaulizia msikitini, akaulizia mpaka kwa Wapemba wenzake. Hakuna aliyemtaja kwa kasoro. Sote tulifurahi. Mimi nilishaanza kufikiria nguo ya kuvaa.

Tuhfa hakufurahi. Aliniambia, huku akichana ukindu wake, kwamba kila likitajwa jina la yule bwana kifua kinambana, na hajui kwa nini. Nikamwuliza kamwona na nini. Akafikiri sana, akasema watu wakicheka, yule bwana hucheka baada yao kidogo, akishawatazama. Nikamwambia hiyo si sababu. Akasema hata yeye anajua si sababu. Kusema kweli nilikasirika. Mtu analala na nazi, anatakiwa mjini kwenye nyumba yake mwenyewe, halafu anakwambia kifua.

Akamwomba kaka yake muda aswali istikhara, ile swala ya kumwachia Mungu uchaguzi, akapewa mpaka Ijumaa. Sasa huku kwetu istikhara bila ndoto watu hawaielewi. Ukishaiswali unasubiriwa uote: kijani na cheupe ni heri, moshi na cheusi ni shari. Basi kila asubuhi, kabla Tuhfa hajapiga mswaki, Shangazi Khairiya, dada wa marehemu baba yao, alikuwa mlangoni akiuliza ameona nini. Hakuona kitu. Mara moja tu aliota anatafuta kiatu kimoja cha Mize. Shangazi alikigeuzageuza kile kiatu mpaka adhuhuri, akashindwa kukifasiri.

Nyumba nzima ikawa inaishi kwa ajili ya usingizi wa Tuhfa. Watoto walikatazwa kelele, wasije wakamwamsha ndoto ikiwa njiani. Mize aliacha kumtuma dukani. Akawa analishwa vizuri, ananyamaziwa, anatazamwa usoni kila akitoka chumbani. Aliniambia anajiona kama kuku anayewekwa kwa ajili ya Idi.

Usiku wa kuamkia Alhamisi Shangazi akachoka kungoja. Akaswali yeye kwa niaba ya mwenzake, na yeye hakukawia kuota. Kamwona Tuhfa amepanda kivuko, kajitanda kanga ya kijani, anakula tende. Ndoto ikazunguka mtaa mzima kabla chai haijapoa. Abdulwakil akasema Mungu kashajibu, akampigia simu Mzee Abass. Na ndoto utabishana nayo vipi? Kaka unaweza kumlilia, shangazi unaweza kumnunia. Kanga ya kijani na tende hazina pa kushika. Kile kifua cha Tuhfa kikawa si kitu tena, tukakiita wasiwasi wa shetani, na mwenyewe akaanza kukiogopa.

Mchana ule nilimkuta amekaa katikati ya nazi, macho yamemvimba. Akanieleza kwamba dua ya istikhara siku zote amekuwa akiisoma bila kuisikiliza. Ndani yake mja anakiri kwamba hajui, Mungu ndiye ajuaye. Ndoto haimo.

"Nimekaa nangoja nijue," akasema, "na huku naomba kwa kusema sijui."

Sikumwelewa. Niliona anatafuta pa kutokea, nikamwonya asije akatuaibisha.

Ijumaa baada ya swala wakaja. Wanaume wakakaa sebuleni, sisi nyuma ya pazia. Mzee Abass akauliza kwa utaratibu wake kama Tuhfa ameridhia. Kimya. Bega la Tuhfa lilikuwa limegusana na langu. Abdulwakil akakohoa, akasema kimya chake ndiyo ridhaa yake, na wenzake wakainua mikono wasome Fatiha.

Hapo Abdulwakil alifanya kosa ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani halifanyi. Kimya ni ridhaa ya mwari. Mwanamke aliyekwisha kuolewa huulizwa, naye hujibu kwa mdomo wake. Alipoposwa mara ya kwanza Tuhfa alinyamaza kwa haya, na kimya hicho kikampeleka Maramba. Safari hii tulisahau sote, kwa vile tulivyomzoea akiwa kimya.

"Kaka," Tuhfa akasema, "mie si mwari. Nshaolewa, nkaachwa. Mie najibu kwa mdomo."

Mzee Abass akashusha mikono, akasema hiyo ni haki yake.

"Sitaki."

Shangazi akamfinya paja. Upande wa pili Abdulwakil akauliza, polepole sana, huyu bwana ana nini.

"Hana kitu. Sijui kwa nini sitaki, kaka. Ningelijua ningelikwambia."

"Na ukikosea?"

"N'takuwa nimekosea mie."

Wageni wakanywa kahawa yao, wakaondoka kwa adabu. Siku ile hakuna aliyemsemesha, hata mimi.

Ningependa kusimulia kwamba baadaye Fadhil aligundulika mlevi, au mpiga wake. Hadithi ingekaa vizuri. Hakugundulika kitu. Alioa kule Kigombe, mkewe amenawiri, wana mtoto, na akipita huku kuuza nyavu anatusalimu vizuri tu. Tuhfa yuko kule kule kwenye nazi, na Shangazi mpaka leo anaishia kuitikia shikamoo yake. Juzi nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kama hajuti.

"Najuta," akasema. "Leo asubuhi nimejuta, wachukuzi waliponikuta sijaamka. Lakini akina Mzee Abass waje tena leo waniulize, jibu ni lile lile."

Mimi niliolewa mwari, nikanyamaza, na tangu siku ile sijaulizwa kitu.