Baba Nyuma ya Chekeche

Mwalimu wa dini shuleni kwetu aliwaambia wazazi kwamba wao ndio makatekista, yaani walimu wa imani, wa kwanza wa watoto wao. Aliwaambia wazazi wote, lakini baba yangu alisikia kama ameambiwa peke yake.

Shida yenyewe ilikuwa mimi. Komunyo ya Kwanza ilikuwa Jumapili, gauni jeupe limeshashonwa, na kila nikipiga magoti mbele ya Padre ili niungame, mdomo unagoma. Niliamini kabisa kwamba ukitaja dhambi unachapwa papo hapo. Na bila kuungama, hakuna Komunyo.

Basi baba akafungua kiti cha maungamo sebuleni kwetu, mtaani Mfaranyaki. Alivaa joho jeusi la mahafali alilolipata kwenye mitumba, akaketi kwenye kigoda, akajiziba uso kwa chekeche la unga la mama, badala ya kile kidirisha cha wavu anachokaa nyuma yake Padre kanisani. Kila akivuta pumzi, unga unamwingia puani.

"Karibu, mwanangu," akasema, akapiga chafya.

Nikakataa katakata.

"Hebu nimwonyeshe," mama akasema, akapiga magoti. "Padre, nimekosa. Mwaka jana nilisali rozari ili tumbaku ya mume wangu kule shambani Namtumbo ioze, arudi nyumbani."

Loo! Chekeche likaanguka. "Kumbe ni wewe!" Mwaka mzima baba alikuwa akiwalaani wanunuzi wa soko huria, eti wameikataa tumbaku yake kwa ujanja wao.

"Padre hafoki," mama akasema, bado kapiga magoti. "Nasubiri malipizi ya dhambi yangu."

Mimi nilikuwa nimeshajibanza ukutani. Nilijua sasa fimbo inatafutwa, na Komunyo ndiyo imekwenda na maji.

Baba akaokota chekeche, akajiziba tena. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Tumbaku haikuozeshwa na rozari," akasema, na hiyo haikuwa tena sauti ya upadre. "Niliuacha moto wa kukaushia ukazimika. Nililetewa habari kwamba huyu anaumwa surua, hali mbaya, nikadandia lori vilevile nilivyokuwa. Niliporudi, majani yote yameoza. Nikaona haya kusema, nikawasingizia wanunuzi, na sasa hivi nilitaka kukusingizia wewe."

Huyu nilikuwa mimi.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi malipizi ni ya wote wawili, Padre."

Wawili wameshaungama, na fimbo haijaonekana. Nilimsogeza mama pembeni, nikapiga magoti.

"Padre," nikasema, "nimekosa."